Umeme wa Ngoma kwenye Mguu wa Mjomba Isaka

Jumatatu, 4 Julai 1994

Mashine imefika! Imeshuka kwenye lori la chumvi, ndani ya gunia, kona moja imebonyea. Dereva akaingiza charahani ya mke wangu Emilia kwenye gunia lilelile akaondoka nayo. Tumebadilishana chuma kwa chuma. Biashara safi.

Majirani wote wa hapa Mkomaindo walitoka kutazama charahani ikipakiwa. Walisimama kimya kama watu wa msibani. Hawajui kitu. Charahani inashona nguo. Hii itashona binadamu.

Naiandika ilivyo, ili nikifa watu wajue nilikuwa na nini. Ni sanduku la bati lenye nyaya mbili, na kila waya una kipande cha mpira mwishoni. Unalowesha mpira kwa maji ya chumvi, unaufunga kwenye mguu au mkono uliolala, umeme mdogo unaingia, msuli unaruka. Huko ilikotoka ilikuwa inaamsha viungo vya waliopooza. Wameitupa kwa sababu kidude cha ndani kinachoiambia shtua, pumzika, shtua, pumzika, kimeungua. Kwa mtu mwingine hilo ni bati tupu. Kwa fundi redio kama mimi ni kazi ya mchana mmoja. Sauti itashika nafasi ya kile kidude. Redio ikilia, mashine inashtua. Redio ikinyamaza, mashine inapumzika. Nani mwingine Masasi nzima angewaza hivyo?

Si Nurdin. Nurdin ana kibanda cha redio ng'ambo ya barabara, kinatazamana na changu. Tangu kila kitu kiwe ruksa ameleta spika ya tarumbeta kutoka Dar, kaseti mpya mpya, na anakodishwa kwenye maharusi. Yeye anapata wateja, mimi napata kelele.

Emilia hayupo kuiona mashine. Yuko kwao Chilangala tangu Mei. Alimpeleka binti yetu Witness unyagoni, nikajua atarudi. Wiki iliyopita akaja mtu na ujumbe wa mjomba wake, Mzee Isaka. Witness atatoka unyago Jumamosi ya tarehe 16. Baada ya hapo Emilia hatarudi Masasi, atakwenda Tandahimba kushona kwa dada yake, na mtoto atasoma hukohuko. Mimi nisijisumbue kuja. Kwao mjomba akisema, amesema. Baba mtu unakaa pembeni kama mgeni aliyekuja kuulizia njia.

Ujumbe uliongeza kwamba Emilia atatuma mtu kuchukua charahani yake. Hilo nitalifikiria baadaye.

Jumanne, 5 Julai

Majaribio! Niliweka maikrofoni mbele ya redio, nikaiunga na mashine, nikafunga mipira kwenye paja langu mwenyewe. Nani angesema siwapendi wateja wangu?

Taarifa ya habari: msomaji ana sauti ya upole, paja likatetemeka kistaarabu. Matangazo ya vifo: mazuri sana, ya taratibu, nilikaribia kusinzia. Ndipo wakaleta tangazo la sabuni. Mguu ulipiga teke meza, taa ya chemli ikaanguka, kioo kikavunjika. Mafanikio makubwa. Paja linauma mpaka sasa.

Nimeandika kibao: UMEME WA NGOMA. MGONGO, GOTI, BEGA, KUPOOZA. RUKSA.

Nurdin alivuka barabara kuja kuuliza hiyo ruksa nimepewa na nani. Nikamwambia siku hizi ruksa haiombwi, ipo hewani. Akasema na malaria yapo hewani. Mtu akikosa akili hujaza nafasi kwa maneno.

Alhamisi, 7 Julai

Mteja wa kwanza! Mwalimu Stefano, bega la kulia. Amelibebesha bomba la kupulizia salfa mikorosho mwezi mzima na sasa mkono haupandi. Nilimfunga mipira, nikaweka kaseti ya kwaya. Sauti za kina baba zilipoingia, bega likaanza kupanda na kushuka taratibu. Mwalimu alifumba macho. Alisema anasikia likilegea. Watu walijaa mlangoni, na mmoja aliuliza kama mashine inatibu pia jino.

Hapo Nurdin akafungua spika yake. Dansi! Kwa sauti ya kuita wafu! Maikrofoni haichagui, inasikia kila mtu. Mkono wa Mwalimu uliruka ukampiga kofi mwenyewe. Ukashuka. Ukampiga tena. Nurdin aliona kutoka kwake. Akazima muziki, mkono ukatulia. Akawasha, Mwalimu akapigwa. Akazima. Akawasha. Ng'ambo nzima ilikuwa inacheka, na upande wangu nao wakaanza kucheka, watu waliokuwa wamesimama kwenye kivuli changu!

Mwalimu aliomba viatu vyake. Alisema amefundisha miaka mingi na hajawahi kupigwa na mtu anayemlipa.

Sikulia. Nilifikiri. Kosa ni la maikrofoni, na nimeitoa. Sasa waya unatoka kwenye redio kaseti moja kwa moja mpaka kwenye mashine. Hata spika ikizimwa, mashine inasikia. Kaseti inazunguka kimya kabisa na msuli unacheza. Nurdin apige mpaka spika ipasuke.

Jumamosi, 9 Julai

Leo nimepata wazo ambalo Mungu huwapa watu wachache.

Mjomba Isaka alipigwa na kiharusi mwaka jana. Mguu wa kulia unaburuta. Mtu huyu alikuwa mcheza sindimba wa kusifiwa mpaka Newala mjini, na sasa akitaka kwenda chooni anasubiri mtu. Siku mtoto anapotoka unyago, mjomba ndiye humshika mkono akamtembeza mbele ya watu. Nasikia wamemwandalia kiti cha kubebwa na vijana wawili, na kwa aibu hiyo hata chakula hali vizuri.

Basi mimi nitauamsha ule mguu! Mjomba akisimama mbele ya Chilangala nzima, atasema nani kamsimamisha? Atamwambia Emilia aende Tandahimba? Hawezi. Emilia atarudi, Witness atarudi, nyumba itanukia tena kitu zaidi ya risasi ya kulehemu. Nakiri nawakosa. Jana nilipika mbaazi nikaweka sahani tatu.

Tatizo moja. Kwaya inatetemesha tu, hainyanyui. Mguu mzito unataka ngoma: pigo, kimya, pigo, kimya. Nurdin ana kaseti nzuri ya sindimba. Alisema atanipa bure, tena kwa moyo mmoja, nikiandika jina lake chini ya langu kwenye kibao. Afadhali nilambe betri.

Jumatatu, 11 Julai

Nimepata ngoma!

Alasiri nilikuwa napita nyuma ya kwa Bi Siti, yule somo anayewafunda wasichana. Ndani ya ua wake wa mianzi ngoma ilikuwa inalia, na pigo lake nadhani liliumbwa kwa ajili ya mashine yangu. Pigo, pigo, kimya. Pigo, kimya. Safi kabisa. Sijawahi kuisikia mahali popote.

Mlangoni kulitundikwa khanga nyekundu. Kila aliyezaliwa huku anajua maana yake: mambo ya kike yanaendelea, mwanamume asipite. Mimi ni mtu wa heshima zangu. Sikupita. Nilipitisha maikrofoni.

Nilirekodi upande mzima wa kaseti nimechuchumaa kwenye magugu. Ngoma ni ngoma. Umeme haujui khanga.

Nilikuwa nakunja waya Bi Siti alipotokea. Nikamwamkia shikamoo haraka. Akaitikia marahaba polepole mno, akauliza natafuta nini uani kwake. Nikasema nafunga kamba za viatu. Aliitazama miguu yangu kwa muda mrefu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Jumatano, 13 Julai

Safari. Nilipanda Land Rover ya Newala na sanduku la mashine, redio kaseti na betri ya gari, kwa sababu Chilangala hakuna umeme. Nilikaa nyuma na mizigo. Gari lilipoanza kupanda mlima, betri ilimwaga maji yake kwenye suruali yangu ya safari. Suruali sasa ina dirisha.

Mbele, kando ya dereva, kwenye kiti chenye godoro, nani? Nurdin! Na spika yake imefungwa juu kwa kamba mpya. Ukoo wa Emilia umemkodi apige muziki siku ya kutoka kwa Witness. Mtoto wangu! Baba nisijisumbue kuja, lakini Nurdin amelipiwa nauli.

Aligeuka akaniuliza kwa upole kama nina nafasi ya kutosha huko nyuma. Mnafiki.

Newala ukungu na baridi. Nimelala kwa binamu, ambaye aliniuliza mara nyingi kama nimealikwa.

Alhamisi, 14 Julai

Chilangala. Emilia alikuwa anaanua makopa ya muhogo. Amenenepa kidogo, amependeza, kitu ambacho kilinichoma. Aliitazama mashine, akanitazama mimi, akauliza charahani yake iko wapi. Nikasema tuongee baadaye. Akasema basi ameshajibiwa. Akaingia ndani. Nilisikia sufuria zikiwekwa chini kwa nguvu.

Mjomba Isaka nilimkuta kitandani. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza nani ameniambia nije. Nikamweleza mashine yote, tangu mpira mpaka betri. Nilidhani atanifukuza. Aliuliza kama inauma. Nikasema kidogo. Akasema yeye anaumwa zaidi akiwaza kile kiti.

Nilihitaji maji ya kulowesha mipira. Huku juu uwandani maji ni mali, mtu anayafuata bondeni au anayanunua kwa ndoo. Nyumba nzima ilinitazama nilipoomba bakuli. Emilia ndiye aliyeleta, kikombe kimoja, akasema ni maji yake ya kuoga.

Nikafunga mipira kwenye paja na kwenye ugoko. Spika nilizima. Kaseti ikazunguka bila sauti. Chumba kimya, tunasikia kuku nje. Na mguu ukainuka!

Ukashuka, ukainuka tena. Pigo, pigo, kimya. Pigo, kimya. Mguu uliolala mwaka mzima! Mjomba aliushika kwa mkono kama mtu anayemshika ndege. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Baada ya muda nikamfungua, akasimama na fimbo, akapiga hatua kutoka kitandani mpaka mlangoni. Unaburuta bado, lakini unakwenda.

Emilia alikuwa amesimama mlangoni. Jioni aliniletea ming'oko, vile viazi vya porini, na chai ya maziwa. Maziwa!

Ijumaa, 15 Julai

Siku nzuri kuliko zote mwaka huu. Asubuhi tena kimya kimya, na Mjomba akafika mpaka kwenye mkorosho wa kwanza. Kiti cha kubebwa kimerudishwa kwa mwenyewe.

Emilia alikaa nami jikoni. Alisema charahani imemuuma, alikuwa amepanga kunichukia mpaka uzeeni. Lakini charahani hutafutwa ikapatikana, mguu wa Mjomba hautafutwi. Alisema huenda tukaanza upya. Nilitaka kumshika mkono nikashika mwiko.

Mjomba naye alinena. Kesho nimpe mashine chumbani, kimya vilevile, kabla wasichana hawajatoka. Kisha atasimama na fimbo, atamshika Witness mkono, na mbele ya watu atasema kwamba mkwe wake amerudi na familia yake itarudi naye. Hakutaka onyesho. Aliniomba mara mbili: ndani, kimya. Emilia akaniomba mara ya tatu.

Nikakubali. Kuna ugumu gani?

Mchana wageni walianza kufika. Wengine wa Tandahimba, wengine wa Newala mjini, hata watu wa makampuni mapya ya kununua korosho, wenye saa za mkononi. Nurdin alikuwa anafunga spika juu ya mkorosho na watu wazima wamemzunguka wakimuuliza habari za waya. Wakamsifu. Kwa spika! Mimi nimefufua mguu, na umefufuliwa chumbani, mashahidi watatu na kuku. Yeye atasikika kijiji kizima.

Haki iko wapi?

Jumamosi, 16 Julai

Naandika hii nyuma ya banda la mbuzi. Nimeambiwa nikae hapa.

Asubuhi nilianza vizuri. Emilia alikwenda kumvika Witness. Nilibaki na Mjomba chumbani, mipira imefungwa, kaseti tayari. Nje watu wengi kuliko nilivyowahi kuona Chilangala. Nikajiuliza: wote hawa wana magoti. Wote wana migongo ya salfa. Watamwona Mjomba ametoka na fimbo, watasema Mungu mkubwa, watakwenda zao. Nani atajua ni mimi?

Nikamwambia Mjomba mguu unahitaji hewa. Akauliza kama ni lazima. Nikasema lazima. Akakubali, kwa sababu ameanza kuniamini. Nikamketisha barazani, shuka magotini. Nikavuta waya mpaka kwenye mitambo ya Nurdin, nikamwambia aniunge na spika yake. Aliuliza kuna nini kwenye kaseti. Nikasema ngoma ya kwetu Masasi. Akauliza nimeipata wapi. Nikasema fundi hatoi siri. Akainua mabega, akaniunga. Nilifurahi. Spika ya Nurdin inapiga kazi yangu mimi, Dickson!

Wasichana walitolewa wakapangwa mstari, wamepakwa mafuta wanang'aa, Witness wa pili. Sijamwona tangu Mei. Amekuwa mrefu. Nikabonyeza.

Ngoma ikatoka ikajaa kijiji. Shuka ikaanguka na mguu wa Mjomba ukainuka mbele ya watu wote. Pigo, pigo, kimya! Wanaume walipiga kelele za furaha, wakarusha kofia. Wanawake walinyamaza. Nikasema moyoni, wamestaajabu hao. Nikaongeza sauti.

Ndipo nikamwona Witness amejifunika uso kwa khanga. Wasichana wote walikuwa wamejifunika uso. Bibi Anastasia, somo wao, mzee wa kutembelea mkongojo, aliutupa mkongojo akakimbia. Alikimbia! Alikuwa anapiga kelele zima, zima, zima. Wanaume waliwatazama wake zao, wakaona nyuso zao, na kofia zikabaki chini. Hapo tukaelewa wote kwa pamoja. Ile ngoma ni ya ndani. Wasichana hufundishwa hatua zake kwenye ua, na mwanamume haisikii tangu kuzaliwa mpaka kuzikwa. Tulikuwa tunaisikia mpaka ng'ambo ya bonde.

Na Mjomba alikuwa anaicheza.

Mjomba mtu! Mbele ya dada zake, mbele ya wakwe, mbele ya wasichana wenyewe! Mguu ulikuwa unafuata kila pigo, sawasawa kama ulifundishwa. Aliukamata kwa mikono miwili, haukukamatika. Aliniita. Hakupiga kelele. Alisema, "Zima, mwanangu. Zima." Tangu nimwoe Emilia hajawahi kuniita mwanangu.

Nilitafuta swichi. Nyaya zangu zilikuwa zimechanganyika na za Nurdin, sikujua upi wa nani. Nurdin naye alikuwa ameziba masikio, mjinga yule, mikono yote miwili masikioni badala ya kwenye mitambo!

Emilia alitoka ndani na mkasi wake wa kushonea. Hakukimbia. Alipita katikati ya watu, akauinamia waya unaotoka kwenye redio kaseti, akaukata. Mguu ukaanguka. Kimya cha namna ile sijawahi kukisikia.

Nilitaka kumwambia kwamba waya ule haupatikani Masasi. Sikusema. Nina akili.

Jumapili, 17 Julai

Wamekaa baraza kunihukumu. Faini: mbuzi, chumvi, na khanga kwa kila somo wa Chilangala, na nyingine nimpelekee Bi Siti kwa mkono wangu, mlango wa mbele. Kaseti imechomwa. Ilijikunja kama mdudu. Nurdin aliulizwa, akasema yeye aliunga waya tu. Wakamwamini. Tena wakampa chakula.

Nieleze na lile lingine, japo sitaki. Jana jioni, baada ya kila kitu, Mjomba alisimama. Bila mashine, bila ngoma, fimbo upande mmoja na Emilia upande wa pili. Alimshika Witness mkono akamtembeza mbele ya watu, mguu unaburuta kwenye mchanga, hatua ndogo ndogo. Ilichukua muda mrefu. Hakuna aliyecheka. Walipita karibu na banda la mbuzi. Niliinuka ili mtoto anione. Alinamisha macho akapita. Nililia, na haukuwa moshi.

Leo Mjomba ameniita. Nilidhani ananilaani. Alisema aibu ni aibu, lakini mguu umepata joto siku zile mbili na yeye hataki kuwa mwongo. Niiache mashine. Emilia ameona inavyofungwa, na Nurdin amekubali kuacha kaseti yake ya sindimba. Watakuwa wanaiwasha ndani, kimya. Mimi nirudi Masasi nitulie, nisifanye kishindo chochote, na korosho zikishavunwa nije tuzungumze habari ya mke na mtoto. Mlango hajaufunga.

Niliuliza kama naweza kutundika kibao changu kidogo tu, nje ya dirisha la chumba, ili wapitao wajue mashine ni ya nani.

Walitazamana. Mjomba akageukia ukutani.

Mashine iwe yangu, waya ukatwe wangu, halafu ilie kwa kaseti ya Nurdin na nisitajwe! Nimeibeba nikaondoka nayo. Emilia alinisindikiza mpaka njia panda. Alisema, "Ulikuwa umeshinda, Baba Witness. Ungekaa kimya tu." Alikuwa analia. Sijui kwa nini yeye ndiye alikuwa analia.

Jumatatu, 25 Julai

Mkomaindo. Habari zilifika kabla yangu. Hakuna mwanamke anayeleta redio kwangu, na mwanamume akileta mkewe anaifuata. Bi Siti alipokea khanga yake mlangoni. Alinitazama miguu. Safari hii nilivaa viatu, vya kamba kabisa. Akafunga mlango.

Emilia na Witness walihamia Tandahimba Ijumaa. Nimesikia kwa mtu. Mjomba Isaka haachi kitanda siku hizi za baridi. Hilo nalo nimesikia kwa mtu.

Nimefagia pale charahani ilipokuwa inakaa. Nimeokota sindano na kifungo cha gauni la Witness. Nimeviweka mfukoni.

Nimekaa siku nzima nikichunguza kosa liko wapi, kama fundi, bila hasira. Mashine haina kosa, mguu uliinuka. Waya nimeunga upya. Ngoma ile haipo tena, na sitaki kugombana na akina mama, nitatumia kwaya. Kilichobaki ni kimoja. Spika ilikuwa imeelekezwa upande wa wanawake tu! Wanaume waliokuwa nyuma hawakupata nafasi ya kusikia vizuri na kunitetea.

Tandahimba kuna mnada mkubwa mwezi ujao. Emilia atakuwepo, Witness atakuwepo, wilaya nzima itakuwepo. Nitamtibu mtu palepale katikati, Emilia aone kwa macho yake watu wakinishangilia, na atarudi. Nimeshazungumza na Nurdin. Anauza ile spika yake kwa baiskeli ya marehemu baba yangu, anasema Chilangala imeiharibia jina. Anayo na ya pili, ya akiba. Hiyo anaitaka kwa kitanda.

Emilia anasema ningekaa kimya ningeshinda. Maskini, hajui biashara. Kosa lilikuwa spika moja.

Nitachukua mbili.